Kilowati Mia Tano za Darryl

Darryl Hosking alikuwa amewatambia wenzake wote wa mtaa wa Elizabeth kwamba gari lake la Torana linatoa kilowati mia tano, na karatasi ya ushahidi ilibandikwa kwenye friji yake. Sasa mashine ya kupimia nguvu ya fundi Noeline ilisema mia tatu tisini na moja.

"Mashine yako mbovu," alisema Darryl.

"Mbovu ni karatasi yako, Daz." Noeline alikuwa kwenye kiti cha dereva, kompyuta mapajani. Gari lilifungwa minyororo, magurudumu ya nyuma juu ya rola za mashine.

"Unanitoza dola elfu mbili na mia nne kunipunguzia nguvu? Yule jamaa aliyenipa karatasi alichukua mia tisa tu, akanipa mia tano!"

"Rahisi ghali, bwana wee. Kipimajoto cha hewa alikiweka wapi?"

Darryl alikumbuka: kando kabisa ya turbo, pampu ya hewa inayochemka kwa joto. Mashine ya jamaa ikadhani hewa yote ni ya moto, ikaongeza namba kuifidia injini. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa imefika mpaka kwenye friji.

Hata hivyo hakukubali, maana sifa zikishampanda mtu kichwani hazishuki kwa hoja.

"Jumamosi wenzangu wote wanakuja kupima hapa. Ongeza presha ya turbo."

"Injini hii aliifunga nani?"

"Marehemu kaka yangu. Kev." Miaka sita ya Jumapili, wawili wao, na kila pistoni ilipita mikononi mwa Kev. Ingepasuka, Darryl angenunua nyingine, lakini haingekuwa ya Kev.

Noeline alimpa vipokea sauti vyake, ambavyo waya wake ulikazwa kwa boliti kwenye injini. "Vaa. Ukisikia kama kokoto ndani ya kopo, inagonga, na ikigonga hivyo inajiua. Masikio yangu nimekupa wewe. Wewe ndiye utakayesema zima."

"Una roho mbaya, mama."

"Najua. Vaa."

Noeline akakanyaga mafuta. Mia nne na tano, safi. Akaongeza presha, akakanyaga tena. Mia nne na ishirini. Tik. Darryl aliisikia kabisa, akajiambia ni waya. Noeline alimtazama dirishani, akingoja. Darryl akaitikia kwa kichwa: endelea. Aliona aibu hapo hapo, ila mkono wa kumsimamisha haukuinuka.

Mara ya tatu injini ilinguruma, namba zikapanda, na kokoto zikamwagika masikioni mwake.

"Zima! Zima, Noeline! Zima!"

Rola zilizunguka zenyewe mpaka zikasimama. Darryl akavua vipokea sauti.

"Imekufa?"

Noeline alichomoa plagi za injini moja moja, akazimulika kwa tochi bila haraka. "Ipo. Umewahi."

"Sikuwahi. Ile ya kwanza niliisikia." Akafuta macho kwa mkono wenye grisi. "Kev angezima pale pale."

Noeline alianza kurudisha plagi.

"Irudishe mia tatu tisini na moja," Darryl akasema, "na unichapie karatasi. Ile ya kwenye friji naitoa leo."