Benchi la Nyuma ya Michongoma

Msanifu wa bustani alikuwa amebakiza hatua moja tu apate cheti cha ubingwa wa bustani za hospitali: kuutetea mchoro wake mbele ya jopo. Mwenyekiti, mzee ambaye tabasamu lake halipatikani hata kwa dawa, akaugonga kwa kalamu.

"Binti, benchi gani hili umelificha nyuma ya michongoma? Nani atakaa huku?"

Hasira zikampanda, majibu ya vitabuni yakayeyuka yote.

"Mama yangu alipolazwa, mzee, nilikosa pa kulilia. Nililia chooni, watu wanagonga mlango."

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaifuta tena. Wenzake wakainamisha vichwa.

"Moja halitoshi," akasema hatimaye. "Weka mawili."