Tovuti ya Simu Peke Yake

Fundi wa tovuti ya hospitali aling'ang'ania meza ya mapokezi kama mtu anayezama. Mkewe alikuwa kwenye chumba cha upasuaji, damu ya kundi lake imekwisha, na tangazo la kuomba damu alilolirusha mwenyewe kwenye tovuti tangu asubuhi halijaleta hata mchangiaji mmoja.

“Watu wa mji huu wana roho za mawe!” akafoka.

Dada wa mkewe akamsogezea simu. “Usiwatukane watu, shemeji. Soma.”

Akasoma. Ni yeye aliyebishana na wakubwa mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, kwamba simu lazima ziwe na tovuti yake, anwani iishie kwa herufi zake zenyewe, mbali kabisa na ile ya kompyuta. Wakachoka naye, wakakubali. Tangu hapo kila anayefungua kwa simu hupelekwa huko. Na leo, kwa kiwewe, tangazo kaliweka kwenye ile ya kompyuta tu.

Nani barabarani anatembea na kompyuta?

Kwenye simu lilibaki tangazo la mwezi uliopita, kwa maandishi makubwa aliyoyapamba mwenyewe: “Damu imetosha. Asanteni, kaeni nyumbani.”