Sweta ya Chelimo Iliyobaki Munyaka

Ijumaa hiyo Kabura alikuwa anafua nguo kwenye ploti yao huko Munyaka wakati mwalimu alimwachilia Chelimo kwa baba yake, pale geti la shule. Baba, Kibet, alikuja na mandazi, akasalimia kila mtu vizuri, na mwalimu hakuwa na sababu ya kumkataza. Amri ya korti ilisema mtoto akae kwa Kabura, mama yake, lakini amri ilikuwa imelala chini ya godoro. Kabura hakuipeleka shule kwa maana hakutaka walimu wajue kwamba aliachwa kwa ajili ya Chepkirui wa Kaptagat, kule msituni ambako sasa Kibet alikuwa amempeleka mtoto.

Sweta ya shule ya Chelimo ilibaki kwa kamba. Jioni, bila mtu kuigusa, ilikuwa na matope kifuani. Kabura akaifua tena. Tangu hapo ilichafuka kila siku vile mtoto huchafuka, mara uji, mara utomvu wa miti ya msituni, na mikono ikazidi kurefuka. Majirani waliokuja kuanika zao walisema huyo msichana anakua vizuri, Mungu asifiwe.

Kisha kiwiko kikararuka. Kabla Kabura apate uzi, kilikuwa kimeshonwa na uzi wa kijani, safi kabisa, kushinda vile yeye hushona. Alijua ni mkono wa Chepkirui. Huyo mwanamke alichukua bwana, sasa amefika kwa kiwiko. Akafumua uzi wote na wembe. Asubuhi kiwiko kilikuwa kimeshonwa. Akafumua. Kikashonwa.

Akaibeba sweta kituo cha polisi, pamoja na amri. Afisa Okumu alipima mikono kwa rula, akakubali imerefuka.

"Ni ushahidi mzuri, Mama Chelimo," akasema. "Shida ni kwamba baba haibi mtoto wake."

"Na hii karatasi?"

"Karatasi iko sawa. Ungeipeleka shule mapema."

Akamwambia arudi wakati mkubwa wake atatoka likizo.

Jumapili moja Kabura aliingiza wembe kwa kile kiwiko, akakuta mishono si ile. Ilikuwa mikubwa, imepinda, na mwisho wa uzi umefungwa mafundo mengi, vile Chelimo hufunga kamba za viatu. Chepkirui alikuwa amemfundisha kushona. Kabura mwenyewe alikuwa anangoja mtoto aongeze mwaka mmoja ndio amfundishe.

Akaweka wembe chini. Akaifua sweta, akaikamua polepole asivute kiwiko, akaianika. Kesi ya kumrudisha Chelimo ilikuwa imesongezwa mbele tena kortini. Sweta ikikauka pale juani, mikono ilirefuka kidogo.