Marehemu Anajifunza Kusikiliza

Mpokezi wa kliniki ya meno alikuwa akimenya viazi jikoni kwa mama yake, karatasi ya zoezi la kozi yake ya jioni ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la sukari isije ikalowa. Zoezi lilimtaka atafute mtu mmoja wa familia, wakae wakitazamana, yeye aseme jambo linalomkaa rohoni na yule mwingine asikilize bila kumkatiza, kisha arudie alichosikia. Kozi hiyo ya mawasiliano hakuiomba. Wagonjwa walikuwa wamelalamika kwamba anajibu kwa mkato, na daktari akaamua aende chuoni jioni akajifunze kuongea na watu. Akifaulu angebaki mapokezi. Akishindwa angehamishiwa chumba cha nyuma kuchemsha koleo za kung'olea meno. Hakuna aliyeuliza mtu mwenye jino bovu huwa anamsalimiaje yeye.

“Mama, tukae basi kidogo. Unisikilize tu.”

“Mimi nimesikiliza watu tangu nilipoolewa,” mama yake alisema. “Masikio yameota sugu. Mwambie kaka yako.”

Kaka alipigiwa simu. Alisema yuko kwenye kikao, akitoka atampigia. Kaka alikuwa kwenye kikao tangu alipopandishwa cheo.

Hapo ndipo baba yao alipoingia kwa mlango wa nyuma. Walimzika mwaka juzi, katikati ya mvua, akiwa na suti yake ya kahawia, na ndiyo aliyokuwa amevaa. Alisimama mlangoni akaliangalia friji, maana katika uhai wake alikuwa fundi friji, tena mzuri.

“Shikamoo, baba,” mpokezi alisema.

“Marahaba. Hilo friji linakoroma. Nani amelishika?”

“Futa miguu,” mama alisema. “Nimetoka kupiga deki sasa hivi.”

Baba alifuta miguu, akavuta kiti akaketi. Hewa iliyokuwa karibu naye ikapoa. Mama aligusa meza mbele ya mumewe, akagusa tena, kisha akaenda kutoa maziwa kwenye friji bovu na kuyaweka karibu na kiwiko chake.

Mpokezi alifuta mikono. Jambo linalomkaa rohoni alikuwa nalo, na aliyepaswa kulisikia ndiye huyu aliyeketi mbele yake. Alipokuwa msichana wa kidato cha pili, akishika nafasi ya kwanza darasani, bibi yake mzaa baba alipooza upande mmoja, ikabidi mtu akae naye. Wakati huo kaka alikuwa anarudia darasa kwa sababu ya hesabu. Jina la kaka halikutajwa. Baba alitangaza uamuzi wakati wa chai, akaomba aongezewe sukari, na mambo yakaishia hapo. Bibi aliishi miaka mingi, maana alitunzwa vizuri.

“Baba, mwaka ule uliponitoa shule...”

“Ipi? Ile ya karibu na kiwanda? Mwalimu mkuu wa pale nilimtengenezea friji lake.”

“Baba, hutakiwi kunikatiza.”

“Sijakukatiza, mwanangu. Nakusaidia kukumbuka.”

Alijaribu tena. Alipofika kwenye neno “shule”, baba alikumbuka kwamba mwalimu mkuu hakuwa na shukrani. Alipojaribu mara nyingine, baba alikuwa ameshainuka na yuko nyuma ya friji, sauti yake ikitokea ukutani, akieleza habari za kompresa. Jua lilipozama kabisa aliaga akaondoka, na maziwa yakakaa hadi asubuhi bila kuchacha.

Jioni zilizofuata ikawa hivyo hivyo. Baba alikuja, akaketi, akajibu kabla hajaulizwa. Mpokezi alikuwa amedhani kwamba kufa kungempunguzia mtu haraka.

Mwalimu wa kozi alikuwa mama mcheshi, mwenye miwani inayoning'inia shingoni, ambaye wanafunzi walimwita Madamu Nakuelewa. Mpokezi alimfuata baada ya kipindi.

“Zoezi langu haliendi, madamu. Niliyempata ni baba, na ananikatiza. Halafu ni marehemu.”

“Nakuelewa,” madamu alisema. “Anakaa mbali?”

“Huwa anakuja jioni.”

“Basi mlete. Wazazi wasiosikiliza tunao wengi hapa.”

Baba alikwenda chuoni na suti yake ya kahawia, akaketi dawati la mbele. Kulikuwa na joto kali na feni la darasa lilikuwa limekufa zamani. Kabla kipindi cha kwanza hakijaisha, wanafunzi wote walikuwa wamesogeza madawati yao kumzunguka, na mhasibu mmoja mnene, aliyeletwa kozi kwa kugombana na kila mteja, alikuwa ameegemeza shavu kwenye kiti cha baba kilichopoa. Mpokezi alibaki nyuma karibu na dirisha, akijipepea na daftari.

Baba aliipenda kozi. Alijifunza kuinama mbele mtu anapoongea, kumtazama machoni bila kumkodolea, kuacha viganja wazi juu ya magoti. Alijifunza kunyamaza, jambo ambalo mama aliposimuliwa alidai apelekewe ushahidi. Zaidi ya yote alijifunza kusema, “Kama nimekuelewa vizuri.” Madamu Nakuelewa alisema hajawahi kupata mwanafunzi mwenye kipaji kama hicho. Alisema ubora wa marehemu ni kwamba hachezei simu.

Mpokezi alikuwa akipata alama za kuokoteza.

“Tatizo ni uso,” madamu alimwambia. “Umeukunja.”

“Ndivyo ulivyo, madamu.”

“Nakuelewa. Lakini mgonjwa hajui hilo.”

Nyumbani, baba alifanya mazoezi kwa mkewe. Alimsubiri amalize kulalamika kuhusu bomba la maji, akainama mbele, akasema, “Kama nimekuelewa vizuri, unahisi uchovu.”

“Sihisi, nimechoka. Inua miguu nifagie.”

Aliinua miguu, na viganja vyake vikabaki wazi juu ya magoti.

Siku ya mtihani walikaa wawili wawili mbele ya darasa. Mpokezi na baba yake waliitwa karibu na mwisho. Mpokezi aliketi, akajaribu kuukunjua uso. Maneno aliyokuwa ameyabeba tangu kidato cha pili yalitoka yote kwa mpangilio, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeyaingilia.

“Baba, uliponitoa shule nilikuwa wa kwanza darasani. Kaka alikuwa anarudia, na ukamwacha. Hukuniuliza. Nilimpenda bibi na nilimtunza mpaka mwisho, lakini kila nilipombeba kwenda kuoga nilikuwa namchukia mtu, na mtu mwenyewe ulikuwa wewe. Nilitaka ujue.”

Baba alinyamaza kwa muda uliotakiwa. Kisha akainama mbele.

“Kama nimekuelewa vizuri, ulikuwa wa kwanza darasani, nami nikakutoa, nikamwacha kaka yako, na sikukuuliza. Ulimtunza bibi yako kwa upendo huku ukinichukia. Ulitaka nijue. Asante kwa kuniambia. Najua haikuwa rahisi.”

Hakuacha kitu. Sauti yake ilishuka pale ilipopaswa kushuka. Mhasibu alilia waziwazi, akakopa leso. Darasa zima lilipiga makofi, na mpokezi alihisi kitu kifuani kikilegea, kama kifundo cha kamba iliyokazwa miaka na miaka. Baba alipewa alama za juu kabisa katika historia ya kozi. Mpokezi alifaulu, akaandikiwa kwamba apunguze ukali wa sauti.

Walirudi kwa miguu, baba akitembea upande wa barabara, watu waliopishana nao wakifunga vifungo vya mashati kwa baridi ya ghafla.

“Baba, ulinisikia kweli?”

“Nilikusikia sana, mwanangu.”

“Sasa unasemaje?”

“Nasemaje nini? Bibi yako angekaa na nani?”

“Na kaka.”

“Kaka yako alikuwa na shule.”

Mpokezi alisimama. Baba naye akasimama, akamgeukia, akaacha viganja wazi.

“Na mimi nilikuwa na nini, baba?”

“Shule. Umesema. Tena umesema vizuri sana, hata madamu amesifu.”

Wakaendelea kutembea hadi nyumbani. Kile kilicholegea kifuani kilikuwa kimejikaza tena, na safari hii kimekaza zaidi.

Hata hivyo alikuwa amefaulu, na daktari akamwacha mapokezi. Wiki hiyo hiyo alijiandikisha katika chuo kile kile, kwenye madarasa ya jioni ya watu wazima wanaomalizia sekondari. Alinunua mkebe wa hesabu wenye bikari na rula, akaufungua mara kadhaa basini kuangalia vilivyomo. Hakumwambia mtu. Kaka alimpigia simu mwenyewe, jambo lisilo la kawaida, akamkuta akicheka peke yake.

Kaka alikuwa amepiga kusema kwamba mama ameteleza uani, akavunjika nyonga.

Hospitali walimfunga plasta, wakamlaza kidogo, wakamrudisha nyumbani na agizo kwamba asisimame kwa miezi kadhaa na asiachwe peke yake. Baba aliitisha kikao cha familia. Zamani vikao vyake vilikuwa vya dakika chache, anaingia, anatamka, anatoka. Safari hii alipanga viti viwe duara, akaeleza kwamba kila mtu ataongea bila kukatizwa na hakuna jibu baya. Alikuja hata na saa ya mkononi ili kila mmoja apate muda sawa. Mama alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, maana kitanda hakikuingia kwenye duara.

Kaka alianza. Alisema anajisikia mnyonge sana anapomwona mama katika hali ile, na anajisikia vibaya zaidi kwa sababu kazi yake haimruhusu kuomba hata siku moja.

“Kama nimekuelewa vizuri,” baba alisema, “unaumia mara mbili.”

“Ndiyo hasa, baba,” kaka alisema, machozi yakimlengalenga. “Hujawahi kunielewa hivi.”

“Hakuna aliyeniuliza mimi nataka nini,” mama alisema kutoka chumbani.

“Tutakusikiliza, mama watoto. Zamu yako itafika.”

Kisha baba alimgeukia mpokezi. Aliinama mbele. Baridi yake ilimfikia magotini.

“Najua mnakotaka kufika,” mpokezi alisema. “Siachi kazi, na siachi masomo. Nimeanza shule, kama hamkujua. Tupeane zamu, mimi na kaka, siku kwa siku. Kama hataki, mimi peke yangu sikai. Nilishakaa. Hapana.”

Hakuna aliyemkatiza. Baba aliitikia kwa kichwa taratibu, kwa namna ambayo madamu alikuwa akiitolea mfano kwa madarasa mapya.

“Kama nimekuelewa vizuri, unasema hapana.”

“Nasema hapana.”

“Asante kwa kusema ukweli wako. Ni neno zito, tusilipite hivi hivi. Tunyamaze kidogo tulipe heshima yake.”

Wakanyamaza. Kaka aliinamisha kichwa. Hata mama, chumbani, hakusema kitu. Saa ya baba ilisikika ikitembea, na ukimya ule ulikuwa mzuri na wa adabu, hakuna hata kiti kilicholia.

Muda wa ukimya ulipokwisha, kaka aliinua kichwa akamshukuru dada yake kwa kuwa muwazi, akamuuliza kama angeweza kuanza kukaa na mama kesho asubuhi.