Kurasa Zilizoanza na Shikamoo

"Ukiharibu, binti, kompyuta inarudi Bukoba kwa wataalamu. Leo hii hii!"

Katibu Gaudiosus alisimama nyuma ya kiti cha Costansia, mikono mfukoni, kama mtu aliyekwisha kuita gari.

Wataalamu! Costansia aliwakumbuka vizuri. Ndio waliomfokea mama yake, kule Nyakasimbi, ang'oe maharage yaliyokuwa chini ya kahawa, halafu njaa ilipobisha hodi hawakuonekana. Wakubwa wao, vita vilipokwisha miaka ishirini iliyopita, walisema tufunge mkanda miezi kumi na minane. Sasa ni 1999, mkanda bado unabana. Leo wanataka na maneno ya wakulima wakayatunze wao.

Maneno hayo yalikuwa kwenye ile inayoitwa wiki, si ya siku saba bali ya kompyuta, ya chama cha wakulima: kurasa ambazo mkulima yeyote aliandika anachokijua, na mwenzake akamrekebisha. Wiki ilikaa ndani ya Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na Unix ilikaa kwenye kompyuta ya kuigiza, iliyobebwa ndani ya ile ya kweli kama mimba. Unix yenyewe Costansia alikuwa bado anaisoma kwenye kijitabu kisicho na jalada. Na ndiye aliyejitia kifua mbele kuweka toleo jipya la wiki.

Katibu alisoma maelekezo ya toleo jipya juu ya bega lake. "Hapa wanasema futa la zamani kwanza. Futa basi!"

"Katibu, kwenu Kihanga mnakata mgomba mama kabla mtoto hajashika ardhi?"

"Migomba imeingiaje hapa?"

Costansia alinakili wiki yote pembeni, ndipo akaruhusu toleo jipya lizimeze kurasa za zamani. Jenereta ikakohoa. Orodha ikatokea.

Ukurasa mmoja tu. Jina lake: Shikamoo.

"Zingine ziko wapi?" Katibu aliuliza, na sauti yake haikuficha furaha.

Costansia alifungua ukurasa ule: ushauri wa mkulima mwenzao Laurensia wa kuhifadhi maharage. Migomba, kahawa, mbuzi, vyote havipo. Akarudi kwenye nakala yake, akafungua moja, mbili, tatu, kisha akaangua kicheko mpaka kiti kikalia.

"Mzee Polikarpi! Umetumaliza!"

Mzee Polikarpi, mwandishi wa ukurasa wa kwanza kabisa, wa migomba, alikuwa kwenye benchi akingoja kuuona. "Nimefanya nini tena, mwanangu?"

"Uliandika shikamoo kabla ya yote. Wote wakakuiga. Programu hii mpya inauita ukurasa kwa mstari wake wa kwanza. Kurasa zote zikapata jina moja, kila ulioingia ukamkalia mwenzake na kumfuta!"

"Sasa niongee na watu bila kuwasalimu? Mimi ni mbuzi?"

"Usalimu, mzee. Lakini ukibisha hodi, si unataja jina mlangoni, shikamoo ukaitoa ndani?"

Polikarpi alifikiri. "Hilo halina ubaya."

Costansia alichukua nakala, akaandika jina juu ya kila ukurasa, salamu ikashuka mstari wa pili. Akaiendesha programu tena. Migomba! Kahawa! Mbuzi! Zikajipanga zote, na Polikarpi akapiga vigelegele kama mwanamke.

Katibu alikohoa. Gari la Bukoba halikutajwa tena. Akavuta kiti. "Hata mimi nina la kusema kuhusu kahawa." Akaanza kudonoa kwa kidole kimoja: S, H, I...

"Jina kwanza, Katibu," Costansia alisema. "Uko mlangoni bado."