Msafara Uliotua Tumboni

Asmahani alikuwa akimkanda mumewe tumbo kwa mafuta ya alizeti, mtoto mgongoni, aliposikia mtu akikohoa humo ndani. Akainama, akaweka sikio. Wapagazi walikuwa wakitua mizigo yao ya pembe, wakinung'unika kwa Kinyamwezi kwamba njia ya mbele imefungwa.

"Hawa wameingia lini, baba Sabiri?"

"Tangu dozi ya vidonge iongezwe," mumewe Nasri akajibu. "Kichwani walikuwa wananitukana. Huku wanapika ugali tu."

Asmahani alivipenda vidonge vile. Ndivyo vilivyomrudisha Nasri kwenye cherehani yake, akaweza tena kumpakata mwanawe. Ila choo kilikuwa kimemgomea tangu mwezi uandame. Suruali alizojishonea mwenyewe hazikufungika tena, na uji ulikuwa ukirudi ulikotoka.

Kliniki, kwenye dirisha la wagonjwa wa akili, sista Benedikta aliitikia shikamoo yao vizuri, akauliza kama mgonjwa bado anasikia sauti.

"Kichwani hapana," Asmahani akasema. "Zimeshuka tumboni. Na choo hapati."

Sista akaweka sikio, akasikia ngoma na watu wakibishana nani ateke maji. Akakubali kuwa wapo. Ale papai, akashauri, na hayo ya tumbo wayapeleke dirisha la pili, la magonjwa mengine. Dirisha la pili wakatazama vidonge, wakawarudisha kwa upole dirisha la kwanza. Mgonjwa wa akili, walisema, hutibiwa kwenye dirisha la akili.

Basi Asmahani akawa anamenya papai. Nasri alimeza vipande viwili, akasema wapagazi wameomba chumvi. Tumbo likazidi kupanda. Alipolala chali hakuweza kumwona mwanawe aliyekaa miguuni pake.

Ijumaa, wakati watu wanatoka msikitini, tumbo likanyamaza. Asmahani akasikiliza kila upande. Hakuna kikohozi, hakuna ngoma. Akaita bajaji.

Sista Benedikta alimkuta Nasri amelala kwenye benchi, macho nusu wazi, jasho limemkauka. Akaweka sikio tumboni, akasikiliza muda mrefu, kisha akatabasamu kama mtu aliyeletewa habari njema.

"Umeona, mama Sabiri? Sasa hata tumbo limetulia."

"Hawajaondoka, sista. Wametua."

"Si ndiyo kutulia huko?"

Akampa vidonge vya mwezi unaofuata. Asmahani akavipokea kwa mkono mmoja. Kwa wa pili alikuwa ameshika vidole vya Nasri, akivisugua taratibu, maana vilikuwa vimeanza kupoa.