Vigingi vya Theluji

Ukoo ule wote ni maseremala, na mapaa yao huwezi kuyatazama usicheke. Babu wa babu yao alishuka melini kutoka Ulaya na sanduku la randa na misumeno, akajenga kama alivyozoea kwao: paa mteremko mkali, na juu yake safu za vigingi vya chuma vya kuzuia theluji isimporomokee mtu. Huku theluji haijaanguka hata chembe. Lakini mtoto humrithi babaye, na vigingi vikaendelea kupigiliwa. "Ikija mtuambie, tuanue nguo!" majirani huwatania, nao hucheka pamoja nao.

Binti wa mwisho, seremala naye, alipojenga nyumba yake na mumewe, hakuviweka vigingi hivyo. Baba yake kuona bati tupu, akanuna, akaondoka bila kuaga. Na mila yao ni hii: msumari wa mwisho wa paa hupigwa na mzazi, la sivyo nyumba haihamiwi. Basi wakabanana kwa mama mkwe, nyumba mpya iko ng'ambo ya barabara. Binti moyo ulimuuma. Nyumba ingengoja, alimtaka baba yake.

Mzee ukaidi ulimwisha kabla ya hamu ya kumwona mwanawe. Asubuhi moja akaja kimya, nyundo kiunoni, akapanda, akapiga msumari. Kisha, kwa mazoea ya maisha yake yote, akarudisha mguu nyuma kutafuta kigingi cha kukanyaga.

Hakikuwapo. Aliteleza kwa makalio paa zima, akatua puu! kwenye rundo la maranda.

Binti akavuka barabara mbio. "Baba! Umeumia?"

"Sijaumia, nimeaibika tu." Maranda yalimjaa ndevuni. "Mwanangu, theluji hata mimi siijui. Babu yangu alinipandisha juu akaniambia, kanyaga hapa. Na wewe nikakukanyagisha hapo hapo."

Binti akakumbuka mguu wake mdogo juu ya chuma, na kiganja cha baba mgongoni kikimwambia hataanguka. Akacheka huku machozi yanamtoka. Akaenda karakana, akarudi na debe la vigingi.

"Shika ngazi, baba. Leo napanda mimi."

Jirani, aliyeona yote dirishani, akashindwa kujizuia. "Mzee! Theluji imeanguka?"

"Imeanguka," mzee akajibu, akijipangusa makalio. "Ndiyo maana tunaweka vigingi."